Rangi Mbichi Begani

Kwenye meli ya jeshi, baharia asiye afisa hujulikana kwa mfuko wake wa nguo. Mfuko wa mgeni una namba tu. Akishafaulu mtihani wa kamba na mashua, sarahangi, yule mkuu wa mabaharia wa sitaha, huuandika kwa rangi nyeupe herufi mbili: B.M., yaani Baharia Mzoefu.

Herufi hizo kila mtu alizisoma alivyotaka. Mpishi wa meli alisema ni Beba Masufuria. Baharia mmoja, Kimya, alipokuwa likizo, shemeji yake, mdogo wa mkewe, alimwambia kwamba kwake herufi hizo ni Bado Mbichi.

Kimya ni jina alilopewa na wenzake, maana maneno yake ni ya kutafuta kwa tochi. Alikuwa ameshaanguka mtihani mara mbili. Anayeanguka mara ya tatu hufungashiwa virago, na mkewe alikuwa mjamzito.

Siku ya majibu ya mtihani wa tatu alitumwa kusugua mashua. Aliporudi akakuta mfuko wake umesimamishwa kwenye ngazi ya kushukia, palepale inapowekwa mifuko ya wanaoachishwa kazi. Mwingine angeuliza. Kimya aliutupa begani bila hata kuutazama, akaenda jikoni kumuaga mpishi.

"Kaka, kama nilikukosea, nisamehe."

"Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Ndiyo basi tena."

Mpishi akamtazama begani, akaanza kucheka hadi mwiko ukamponyoka. "Sarahangi! Njoo uone kazi yako!"

Sarahangi akaja mbio. "We kiumbe! Nani kakwambia uuguse? Nimeuweka pale upepo ukaushe rangi!"

Kimya akaushusha. B.M. moja ilikuwa kwenye mfuko, imevurugika. Nyingine ilikuwa kwenye shati, kinyumenyume. Akakaa juu ya gunia la viazi.

"Afande... kumbe nimefaulu?"

"Kamba umefaulu. Kuuliza ndiyo bado."

Jioni alipofika nyumbani kwa ruhusa, shemeji alikuwa mlangoni. "Bado Mbichi huyo!" Kisha akaona bega, akaligusa, kidole kikatoka cheupe. Akasogea kumpisha.

Mkewe alielewa kabla hajaambiwa. Akashika kiuno, akacheka huku machozi yanamtoka.

"Lete shati nilifue, baba, kabla rangi haijashika."

"Liache," alisema Kimya, akavuta kiti mezani. "Ishike."