Pini Kwenye Kola ya Mwenye Kiwanda

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kola, kwa sababu kola aliyoishona yeye haikulala hata inyeshewe na mvua kutwa. Suruali alishona kama mafundi wengine tu, na mifuko yake, tuseme ukweli, ilikuwa inatoboka mapema. Lakini kola! Na kila nguo, kabla haijatoka mkononi mwake, aliipitishia kidole gumba taratibu, mshono kwa mshono, kutafuta pini iliyosahaulika ndani ya bitana, mahali ambapo macho hayafiki.

Mkewe hakuwa mnywaji. Alipojifungua mtoto wa mwisho maziwa yakawa ya shida, na mkunga akamwambia anywe bia nyeusi, glasi moja kila jioni, yatashuka. Enzi hizo hiyo ilikuwa dawa ya kawaida, na maji ya bomba la mtaani yalikuwa na rangi ya chai, kwa hiyo hakuna aliyeona ajabu. Chupa alikuwa akiiweka pale dirishani kwenye chumba cha mbele, karibu na cherehani, ipate ubaridi. Ikibaki kidogo, fundi aliimalizia yeye, maana kumwaga ni hasara.

Miguu ya mama ndiyo iliyoanza. Ikawasha, kisha ikaungua kama amekanyaga makaa, kisha ikafa ganzi. Ngozi ya viganja ikawa ngumu, usoni ukaingia weusi usioeleweka, na hata uzito wa shuka ulimliza. Daktari alipokuja aliiona chupa dirishani kabla hajamwona mgonjwa. Akauliza mawili matatu akiwa wima, akamvuta fundi pembeni na kumwambia, kwa sauti iliyofika hadi jikoni, kwamba huo ni ulevi, na walevi ndivyo wanavyoishia.

Mtaa ukalidaka neno. Mama wa watu akafa, na hata waliobeba jeneza walikuwa wakinong'onezana: kumbe mke wa fundi alikuwa akijifungia ndani na chupa! Mtoto akachukuliwa na shemeji, mdogo wa marehemu, aliyehamia hapo kusaidia nyumba.

Baadaye wakaanza kuanguka wengine, na wengine, hadi watu waliokuwa wakionja bia siku za mapumziko tu. Ndipo ikajulikana. Kiwanda cha bia kilikuwa kikinunua sukari ya bei poa, na sukari hiyo ilitengenezwa kwa asidi chafu yenye sumu ile ile ya kuulia panya. Mapipa yakamwagwa, mitaro ikatoka povu, na baraza la uchunguzi likaitishwa. Mwenye Kiwanda akasimama mlangoni kwake na kutangaza kwamba yeye naye ametapeliwa, anawapa pole wote, ila sumu yenyewe ilikuwa kidogo mno; waliokufa ni wale waliokuwa wakinywa bila kipimo.

Neno hilo lilimkwama fundi kooni kama mwiba wa samaki. Kifo angeweza kumwachia Mungu. Neno hapana. Akajiapiza kwamba kinywa kile kile kitalirudisha, mbele za watu, na kitalirudisha kwa maumivu.

Hakulazimika kumfuata. Mwenye Kiwanda alikuja mwenyewe, kitambaa kwapani, anataka suti ya kuvaa barazani, kola iwe ndefu imsimamishe kiume. Hakujua huyu alifiwa na nani. Au alijua akasahau, ambayo ni mbaya zaidi.

Shemeji alisubiri mgeni aondoke.

"Shemeji, uvunguni zimebaki chupa mbili za zamani. Akija kujaribu, mpe anywe."

Fundi akasema ameshaziwaza tangu alipomwona anavuka barabara.

Koti likijaribiwa hubanwa kwa pini kuanzia shingoni hadi kiunoni, na mteja hawezi hata kukohoa. Mwenye Kiwanda alisimama hivyo, mikono ameitanua kama sanamu ya kutishia ndege, akalalamika kiu. Shemeji akaleta sinia. Glasi ilikuwa imeshagusa mdomo alipoiona chupa na nembo yake.

"Hii ya lini?"

"Ya kabla ya kumwaga," fundi akasema.

Akaitua glasi kwa haraka hadi pini zikamchoma.

"Si ulisema sumu kidogo, bosi? Mke wangu alikuwa anakunywa moja. Hiyo hiyo moja. Utalisema hilo barazani?"

"Wewe shona, fundi. Maneno niachie mimi."

"Sawa, bosi," fundi akajibu, akaanza kuzitoa pini.

Tangu kidole gumba kife ganzi, kazi ya kupapasa nguo alikuwa amemwachia shemeji. Koti lilipokamilika shemeji akanyoosha mkono kama kawaida. Fundi akalivuta upande wake, akapitisha gumba kwenye kola huku anatazama barabarani.

"Hili nalimaliza mwenyewe," akasema.

Siku ya baraza mabenchi ya mbele yalijaa wajane na watu wa magongo. Mwenye Kiwanda alisimama akapendeza, tusimnyime haki yake. Alipoulizwa kuhusu waliokufa, aliwageukia watu ili wamsikie vizuri.

"Wengi wao walikuwa wale..." Akaruka, mkono shingoni. Akageukia upande wa pili, akachomwa huko pia. Kwenye benchi la magongo kicheko kikaanza kama kikohozi, kikasambaa. Damu ikatokea kwenye kola. Akamnyooshea fundi kidole: huyo, huyo ameniwekea pini!

Mwenyekiti akamwita fundi ajibu. Alijikokota mbele, maana nyayo zake nazo hazikuwa zake tena. Akachomoa pini kwenye koti lake, akaizamisha kwenye gumba hadi kichwa cha pini. Hakupepesa jicho.

"Mheshimiwa, pini huwa nazitafuta kwa kidole hiki. Hakisikii. Muulizeni bosi nani kakiua. Mimi nilikuwa namalizia tu kwenye chupa ya mke wangu, na mke wangu alikuwa anakunywa glasi moja. Nimemwekea bosi glasi hiyo, kaikataa."

Mwenyekiti akamuuliza Mwenye Kiwanda kama ni kweli aliikataa. Kola haikumruhusu kuitikia kwa kichwa wala kukitikisa. Ikabidi aseme. Ni kweli. Na kwa nini, akaulizwa, ikiwa sumu ilikuwa kidogo?

Akanong'ona. Wakamwambia apaze sauti.

"Kwa sababu hata moja ingetosha," akasema.

Fundi hakumsamehe, wala hakujisingizia kusamehe. Koti liliporudishwa kwake lifuliwe, alibandua ile kola tu, akaitundika dirishani na damu yake, pale palipokuwa pakikaa chupa. Wateja wapya wakiuliza doa lile ni la nini, aliwaambia wasogee waitazame vizuri, hiyo ndiyo kola bora aliyowahi kushona.