Unga wa Kahawia na Duara la Kaka

Kaka yangu anachimba dhahabu Segese, na kwa miaka mingi kitu pekee alichokiamini kabla ya kushuka duarani, kama wachimbaji waliitavyo shimo lao, kilikuwa mshumaa. Wanaushusha kwa kamba: ukizimika, hewa hakuna, ukiendelea kuwaka, kazi iendelee. Nilimweleza mpaka koo likanikauka kwamba moshi wa pampu ya kuvuta maji wanayoiwasha humo shimoni una sumu isiyonuka, na mshumaa hauijali. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwetu mkuu mwenyewe ndiye asiyesikia.

Basi nikaacha kubishana, nikatengeneza chombo. Katika maabara ya chuo nilichanganya chumvi za metali iitwayo lanthanamu na za chuma pamoja na asidi ya ndimu, nikakoroga juu ya moto mpaka mchanganyiko ukawa mzito kama uji. Ukafura, ukawaka, ukaacha unga mwepesi wa kahawia. Niliusaga, nikauchoma tena kwenye tanuri. Umeme ukakatika katikati ya kazi; nilinuna kutwa nzima, kisha nikaanza upya. Mwishowe niliupaka kwenye kigae kidogo chenye nyaya. Unga huo ukipashwa moto na kukutana na ile sumu, umeme hupita ndani yake kwa shida, na hapo kengele hulia.

Siku ya kwanza Segese, kengele ililia hata kabla sijakishusha. Mzee mwenye duara alikuwa ametoka kuimwagia mizimu pombe ya mtama kwenye mdomo wa shimo, kama afanyavyo kila asubuhi, na unga wangu haukujua kutofautisha mvuke wa pombe na sumu. Wachimbaji walicheka mpaka wakashika mbavu.

"Kapeleke polisi hicho, kikamate walevi," kaka alisema, akashuka na mshumaa wake.

Alipopanda alikuwa ameshika kichwa. "Ni jua tu," alisema. Jua, na mtu ametoka chini ya ardhi! Niliogopa sana siku ile, na hofu ikageuka hasira. Sikula hata chakula alichoniwekea.

Nisingeweza kumkataza mzee wa watu kuisalimia mizimu yake. Nilirudi maabara nikatafuta kitu cha kuzuia pombe peke yake, nikakipata: mkaa maalumu wenye vitundu visivyoonekana, unaonasa mvuke wa pombe na kuiacha ile sumu ipite. Nikauweka mbele ya unga, nikajaribu ndani ya chupa. Tone la pombe, kimya. Moshi wa pampu, kengele. Nilicheza peke yangu pale maabara.

Safari ya pili mzee alimwaga pombe, na nadhani aliongeza makusudi. Kimya.

"Wabeja," akakiambia chombo, kukishukuru kwa Kisukuma.

Tukakifunga pamoja na mshumaa, tukavishusha. Kengele ikalia huko chini, na mshumaa unawaka vizuri kabisa. Kaka alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi. Alisubiri mtu acheke. Hakucheka mtu.

Akautoa mguu.

Pampu ilitolewa shimoni, hewa safi ikapulizwa, tukangoja mpaka kengele ikanyamaza. Hapo ndipo aliposhuka. Alasiri alipopanda nilimuuliza habari za kichwa.

"Kichwa kizima, mdogo wangu. Njaa ndiyo inaniua."

Akakifuta chombo vumbi kwa shati lake, akauliza kama ninaweza kumwachia.