Turubai Juu ya Gari la Muzee

Magari mengi yanayoletwa kwenye garaji yetu hapa Bunia ni magari ya kazi: malori yanayoteremka kutoka Iga Barrière yamejaa vumbi jekundu, na jeep zilizovunjika springi kwenye mashimo. Kwa hiyo siku lori moja liliposhusha mbele ya lango letu gari la Kimarekani la zamani, lenye milango miwili na boneti ndefu kama kitanda cha watu wawili, hata mama muuza mandazi aliacha karai lake motoni akaja kuangalia.

Mwenye gari alishuka mbele ya lori, muzee mwembamba mwenye kofia ya sufu. Alikuwa mtu wa Kasenyi, kule kando ya Ziwa Albert, na maisha yake yote alikuwa ametengeneza makayabu, yaani samaki wa chumvi. Gari alilinunua ujanani kwa mzungu wa machimbo ya dhahabu aliyekuwa anafunga mizigo arudi kwao. Injini yake ina silinda nane. Ilitengenezwa kwa barabara pana na zilizonyooka, ambazo sisi hatuna, lakini muzee alikuwa amemtoa kanisani mke wake ndani ya gari hilo siku ya ndoa yao, na kuanzia hapo halikuwa tena gari la kuuzwa.

Kisha ziwa likapanda. Watu wengi wa kando ya maji walipoteza nyumba, naye akapoteza yake. Familia ilipanda kwa njia ya Bogoro mpaka Bunia, ikapokelewa na ndugu. Gari lilibaki katika hangari, yaani ghala lake, pamoja na magunia ya chumvi ya kazi yake. Maji ya ziwa letu si maji ya bahari, ila yalipoingia mle na kukaa, magunia yote yaliyeyuka. Kati ya zile kuta nne gari lilizama katika maji makali kuliko ya bahari yoyote. Yaliposhuka, muzee alilivuta kwa lori mpaka kwenye parsele, yaani kiwanja, ya ndugu zake.

Jambo la turubai alinieleza siku ileile aliyoleta gari garajini, akicheka. Wale waliokimbia maji walipewa turubai, bâche kama tunavyosema sisi, moja kwa kila familia. Jiko lao lilikuwa linavuja. Mke wake aliangalia jiko, akaangalia gari, akasema: "Funika motokari yako. Miye nitapika na mwavuli." Na kweli alipika na mwavuli, mkono mmoja juu na mmoja kwenye mwiko, misimu miwili ya mvua. Halafu ugonjwa ukamchukua.

"Sasa mwaka wa matanga iko naisha," muzee aliniambia. "Siku ya kuondoa matanga, nataka kutoka kanisani na batoto yangu mu hii motokari, vile nilitoka na mama yao. Kingine sitaki. Itapona?"

Sikumjibu ndiyo wala hapana. Mimi ni mtu wa kueleza kwanza, ili mwenye gari afuate kazi kwa macho yake na asidhani tunamficha kitu. Nilimketisha juu ya gurudumu, nikatafuta mfano kutoka kazi yake mwenyewe.

"Papa, unapotaka kupika makayabu, unafanya nini?"

"Unailoweka mu maji safi. Unamwaga, unaloweka tena."

"Basi, na chuma ni hivyohivyo. Chumvi ikikauka juu ya chuma haifi. Inavuta unyevu wa hewa, na chuma kinatokwa jasho chini yake, na jasho hilo ndilo linalokila. Dawa ya kwanza si rangi wala mafuta. Ni maji safi, mengi, mara nyingi."

Aliitika kwa kichwa, kama mtu anayesikia habari za jamaa anayemfahamu.

Tuliliosha. Tulikusanya maji ya mvua kutoka kwenye bati, tukapitisha mpira katika kila tundu la milango na sakafu. Mimi huwa naonja maji yanayotoka, kwa ncha ya ulimi tu, nijue kama chumvi bado ipo. Kwa nje gari lilitupa moyo: paa lilikuwa na rangi yake ya kijani kibichi, inang'aa, na viti havikuwa vimepasuka. Nikaingia kwenye injini. Pistoni zilikuwa zimeshikana na silinda, lakini hilo lisimvunje mtu moyo. Unatoa plagi, unamimina dizeli katika kila tundu, unasubiri, kesho unajaribu kuzungusha kidogo, haikubali, unamimina tena. Chuma cha injini ni kinene na kilikuwa kimelala ndani ya oili. Siku ilipokubali kuzunguka, muzee alivua kofia.

Ilipowaka, baada ya kusafisha kabureta na kubadilisha nyaya, ilianza kwa kukohoa moshi mweupe, kisha ikapata sauti yake, nzito, ya chini, ya kutikisa mabati. Muzee alisimama mbele ya boneti ameweka viganja vyote viwili juu yake.

"Mama ya batoto angesema unapiga kelele," alisema, lakini hakuwa anasema na mimi.

Siku iliyofuata tulitaka kuliinua, tuangalie chini. Ninafanya kazi na tolie, mtu wa mabati na nyundo, mwenye mdomo usiofungwa. Aliweka jeki mahali pake, chini ya shasi, yaani vile vyuma viwili virefu ambavyo mwili wote wa gari umekaa juu yake. Akaanza kupiga jeki. Jeki ilipanda. Gari halikupanda. Jeki iliingia ndani ya chuma kama kidole katika mkate, na kutu ikamwagika chini, vipande vyembamba vyembamba.

Tolie alichukua nyundo akagonga shasi kutoka mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia. Hiki kilisema "pu, pu", pande zote mbili. Vyuma hivyo ni vitupu ndani. Maji ya chumvi yalikuwa yameingia humo na matope, yakakauka, na tangu hapo yalikuwa yanakula kutoka ndani, polepole.

"Ee muzee!" tolie alipiga kelele kutoka chini. "Motokari umeitia chumvi, ukaifunika, ikatokwa maji! Hii umeipika makayabu kabisa!"

"Weye toka huko chini, nyundo yako inakula kuliko chumvi," muzee alimjibu, na sote tukacheka.

Muzee ndiye aliyeacha kucheka kwanza. Aliangalia turubai, ambalo alikuwa amelikunja mwenyewe na kuliweka ukutani siku ya kwanza. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Tolie alipokwenda kula, muzee alinivuta pembeni.

"Fundi, miye nimefanya makayabu tangu nikiwa kijana. Samaki unaipanga, unatia chumvi, unaipanga, unatia chumvi. Halafu unafunika nguvu, unaweka mawe juu. Usipofunika, chumvi haiingii muzuri. Unajua?"

"Najua, papa."

"Sasa kama ningeiacha mu mvua, bila bâche?"

Nilikuwa na jibu, na ni jibu fupi. Bunia kuna mvua nyingi na safi. Misimu miwili ya mvua ingeliosha gari kuliko mimi na mipira yangu yote. Rangi ya paa ingepauka, viti vingeoza, lakini shasi huenda ingebaki na nguvu ya kushonwa kwa moto. Turubai lilizuia maji safi kuingia na likazuia jasho la chumvi kutoka. Kwa mara ya kwanza katika kazi hii maneno yote yalikuwa tayari mdomoni, nami sikutaka kuyatoa.

"Mvua ingesaidia," nilisema.

"Ingesaidia kidogo ao sana?"

"Sana, papa."

Aliketi. Sikujua niweke wapi mikono yangu. Nilimwambia kwamba mabomba ya shasi yangeweza kutengenezwa upya kwa chuma kingine, taratibu, kazi ya miezi mingi, na kwamba nimeona magari mabaya zaidi yakirudi barabarani. Ni kweli. Ila si kabla ya siku yake ya kuondoa matanga.

"Hiyo tutaona," alisema. "Ninaomba kitu kimoja. Batoto yangu wanajua mama yao alilowa na mvua sababu ya motokari hii. Wanaongea hiyo kila siku, wanalia, wanacheka. Usiwaelezee chumvi. Weye unapenda kueleza sana."

Siku ya kuondoa matanga tulilisukuma gari hadi parsele yao, polepole, tolie akishika kila upande unaolegea. Tuliweka magogo chini ya shasi ili lisikatike. Watu walirudi kutoka kanisani kwa miguu. Muzee, katika suti, aliketi kwenye usukani, na binti zake wawili wakaingia nyuma na vitenge vyao vipya. Niliwasha. Majirani walipiga vigelegele, mabati yakatikisika.

Binti mkubwa, aliyekuja kutoka Boga, aliteremsha kioo akaniita.

"Papa fundi, iko nalia muzuri hivi, juu ya nini haitembei? Si mama aliifunika?"

Muzee aliniangalia katika kioo kidogo cha mbele.

"Maji ya ziwa yalikula vyuma vya chini, mama," nilisema. "Unaona rangi hii ya paa? Na kiti hiki ulichokalia? Hivi mama yenu ndiye aliyevilinda. Jua na mvua vingevimaliza."

Kila neno lilikuwa kweli. Binti alimgeukia mdogo wake: "Sikia! Nilikuambia." Akapitisha kiganja juu ya kiti, mara nyingi, kama anayepangusa vumbi, na machozi yakamtoka. Mdogo wake akamlalia begani.

Muzee aliweka mkono kwenye gia, lakini hakuiingiza. Watu walianza kwenda kwenye chakula, mmoja mmoja. Wao watatu walibaki ndani, injini inanguruma, wakiangalia mbele kwenye ukuta wa matofali wa jirani, mpaka mafuta kidogo niliyokuwa nimeweka yakaisha.