Daftari la Madam

Mkuu wetu mpya wa shule alipoletwa Ruiri kutoka Embu, sikumwamini. Walisema huko alikotoka aliinua matokeo. Mimi nikasema hapo kuna mchezo. Kila Jumanne aliingia darasani mwangu, akaketi dawati la nyuma kati ya wanafunzi, akafungua daftari na kuandika kipindi kizima bila kufungua mdomo. Mimi nafundisha hesabu, yeye alisomea Kiswahili. Sasa alikuwa anaandika nini?

“Anakuandikia uhamisho, mwalimu,” mwenzangu aliniambia kwenye chai ya saa nne. “Chunga mdomo.”

Nikachunga. Hata salamu yake niliijibu nusu.

Jumanne moja aliitwa nje haraka, daftari likabaki. Kengele ilipolia nililifungua bila haya. Jina langu halikuwemo. Yalikuwemo mazoezi yangu yote, ameyafanya moja baada ya jingine, na mengi alikuwa amepata. La kugawanya sehemu alilikosa, na pembeni ameandika kwa penseli: “Hapa mwalimu ameniacha.”

Ndilo zoezi ambalo darasa zima lilikuwa limekosa, nami nikawafokea kwamba ni wavivu.