Ndoo ya Bibi na Vigingi Ishirini

Mwenzangu alishikwa na homa tukiwa Kibiti, nikaenda Chumbi peke yangu na mashine, waya na vigingi ishirini vya chuma. Kazi yangu ilikuwa kupitisha umeme ardhini na kupima udongo unaukatalia kiasi gani. Umeme ukipita kirahisi mno, huenda chini ni tope lisiloweza kubeba ukuta. Kijiji kilikuwa kinasubiri zahanati, na kiwanja kilikuwa hicho kimoja tu.

Nilipanga chumba cha uani kwa bibi mmoja mjane, jirani na kiwanja. Binti yake alifia njiani juu ya pikipiki, akipelekwa Ikwiriri kujifungua. Bibi alinieleza hayo jioni ya kwanza, kisha akanipakulia wali, tukala kimya. Nilikuwa mpweke, hata kimya cha mtu mwingine kilinifaa.

Ardhi ya kiangazi ilikuwa ngumu, nikapiga nyundo hadi viganja vikachubuka. Siku ya tatu vigingi vikazama vyenyewe. Nikajisifu kwamba mkono umezoea. Lakini namba za mashine ziliporomoka mstari mzima, umeme ulipita kirahisi mno, na kwa namba zile zahanati isingejengwa. Nikaandika ripoti. Nilikuwa nahangaika na mtandao niitume, bibi akaja na chai.

"Leo hukuumia, mjukuu wangu. Nimekulowanishia mstari wote kwa ndoo, alfajiri, ungali umelala."

Mimi hasira zangu ziko karibu. Nikamfokea: nani kamtuma, anajua alichokiharibu?

"Haya, baba. Shukrani ya punda ni mateke," akasema, akaingia ndani.

Nikaifuta ripoti, nikasubiri ardhi ikauke. Siku tano chakula kililetwa mlangoni kwangu kimefunikwa kawa, bila neno. Niliona haya kumwomba radhi mikono mitupu. Nikajiambia nitamwomba nikiwa na habari njema. Ujinga wangu huo.

Siku ya sita nikapima upya. Namba zikapanda, zikatulia. Hazikuwa za kujivunia, ila zilitosha kuita wachimbaji waje kuthibitisha. Nikakimbilia kwake. Nikakuta kufuli. Jirani akasema bibi ameondoka asubuhi kwenda kwa dada yake huko Salale, na hakusema atarudi lini.

Nikaenda kung'oa vigingi. Kumi na tisa vikatoka. Cha ishirini kilishikwa na ardhi, nikakivuta mpaka mgongo ukauma. Ndoo ya bibi ilikuwa imepinduliwa pale kizingitini kwake. Nikaichukua, nikaenda kisimani, nikakimwagia kigingi kile maji mwenyewe.