Samaki wa Memsaab na Barua ya Kwenda Kuolewa

Samaki walikaribia kunizuia kuolewa. Nikiwaambia wajukuu hivyo wanacheka, wanadhani cucu wao amechanganya hadithi ya Biblia na ya redio. Lakini ni kweli, na wote waliohusika ninawakumbuka kwa majina, hata mbwa wa pale. Majina siyaandiki, kwa sababu watoto wao wako hai, na mmoja tunakaa naye benchi moja kanisani.

Ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari. Nilifanya kazi ya nyumba kwa memsaab mmoja wa Kizungu kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru. Mchumba wangu alikuwa Thika, kwenye kiwanda cha kutia mananasi mikebeni. Siku hizo Mkikuyu hakutoka Ruiru kwenda Thika hivi hivi tu. Njiani kulikuwa na kizuizi, na askari alitaka kuona barua ya mwajiri wako. Bila barua unarudishwa, au unapelekwa mahali ambapo hakuna harusi.

Memsaab hakuwa na mtoto nyumbani. Alikuwa na samaki. Kumi na mmoja, ndani ya sanduku la kioo sebuleni, wadogo kama kidole, wekundu wenye mkia wa bluu. Bwana yake aliwatoa kwenye madimbwi ya Pwani. Walikuwa wazuri, siwezi kudanganya, na maringo nayo walikuwa nayo. Hawakula kitu kisichokuwa hai. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya kufagia nilikwenda kwenye pipa nyuma ya kiwanda cha kahawa, na pipa likikauka nikaenda mpaka kinamasi cha upande wa Mugutha, kuwatafutia viluwiluwi, wale watoto wa mbu wanaojikunja ndani ya maji. Niliwavua kwa soksi ndefu ya memsaab niliyoifunga kwenye waya. Mimi, msichana wa nyumba isiyokula samaki! Kwetu samaki tulimhesabu ukoo mmoja na nyoka. Mama yangu aliposikia kazi yangu aliniambia ninawe mpaka kwenye kiwiko kabla ya kushika kikombe chake.

Nilipoomba ruhusa ya harusi, wiki moja tu, memsaab aliwaangalia samaki, hakuniangalia mimi.

"Nani taleta dudu?"

Nikasema mpishi ataleta. Mpishi alikuwa baba mmoja mnene wa kutoka upande wa ziwa, mzee wa kanisa, anayepika huku akiimba. Alijibu kutoka jikoni bila kuitwa: "Mimi napika. Mbu sivui."

Memsaab akafungua kabati akatoa mkebe wa kutoka Ulaya. Ndani kulikuwa na chengachenga kavu kama pumba.

"Hii chakula ya samaki," akasema. "Samaki nakula hii, mimi naandika barua. Samaki hapana kula, wewe hapana kwenda."

Na kule Thika tangazo la ndoa lilikuwa limeshasomwa kanisani mara ya kwanza. Zilibaki Jumapili mbili, halafu Jumamosi yenyewe.

Siku hiyo hiyo niliwanyunyizia ile pumba. Walikuja, wakaionja, wakaitema. Unajua vile mtu anatema jiwe akila githeri ya mahindi na maharagwe? Hivyo hivyo.

"Nyathina," mpishi akaniambia, kwao ndiyo kusema mtoto wangu, "samaki mimi namjua, nimezaliwa naye. Mnyime siku mbili, atakula hata kiatu."

Nikawanyima siku mbili. Siku ya tatu yule mkubwa alikuwa amemla mwenzake nusu ya mkia, na memsaab alikuwa analia kwenye leso.

"Wewe samaki unawajua wakiwa kwenye mafuta," nikamwambia mpishi.

"Hata kwenye mafuta hawajawahi kunisumbua hivi," akajibu.

Ndipo nikatumia akili yangu, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Kwetu mtu mzima hali huku umemkodolea macho. Baba yangu mgeni akiwapo aligeukia ukuta. Nikafikiri, hawa nao kumbe wanaona haya! Kutwa nzima watu wanapita wakiwachungulia, nani atakula? Basi nikawawekea pumba kwa heshima, vijiko viwili vilivyojaa, kama vya wageni. Nikafunika kioo chote kwa kitambaa cha meza, nikafunga mlango, hata mbwa nikamtoa nje.

Kesho yake maji yalikuwa kama yale ya kuoshea mahindi yaliyooza. Samaki walikuwa juu juu wakitafuta pumzi. Mimi na mpishi tulibeba ndoo mpaka mabega yakauma, memsaab amesimama juu yetu kama nyapara wa shamba. Nikajifunza kwamba samaki hana haya yoyote.

Jumapili tangazo likasomwa mara ya pili. Jioni mchumba wangu akaja na baiskeli, barua ya kiwanda mfukoni, tukaongea kwenye ua.

"Watu wanauliza bibi harusi yuko wapi. Niwaambie nini?"

"Waambie samaki hawajakula."

Akaitazama nyumba ya memsaab. Halafu akauliza polepole, "Kuna mwanamume mwingine huko ndani?"

"Wako kumi na mmoja," nikasema. "Na mmoja hana mkia."

Hakucheka. Alipanda baiskeli akaenda, nami nikabaki nimeshika ule ua, nikiona harusi yangu inaondoka na vumbi.

Jumatatu nilikuwa ninamwaga viluwiluwi kwenye kioo, kwa hasira. Wengine walikuwa wamekufa kwenye soksi, wakaelea tu. Nikaona samaki wanawapita wale waliokufa, wanawafuata walio hai. Haiya! Chakula ni kile kile, utamu ule ule! Kumbe hawa hawali utamu, wanakula kinachocheza.

Nikamwomba mpishi kipande cha ini. Nikalichemsha, nikalikata nyembamba kama kiluwiluwi, nikalifunga kwa uzi wa kushonea, nikalishusha majini nikilichezesha. Yule mkubwa akaja. Akalitazama kwa jicho moja, akageuka akalitazama kwa lile la pili. Akalimeza, na uzi kidogo.

Nilipiga kigelegele kilichomleta mpishi mbio, mwiko mkononi. "Nyoka iko wapi?"

"Amekula!"

Baada ya hapo ilikuwa ni kama kumwachisha mtoto kunyonya. Mama yangu alimwachisha mdogo wangu kwa ndizi na viazi vilivyopondwa, kila siku akizidisha kidogo na ziwa akilipunguza. Nami niliponda ini, nikalitupa pamoja na viluwiluwi wachache wa kuchangamsha maji. Kwenye ile vurugu walimeza chochote kilichowapita mdomoni. Kila siku viluwiluwi walipungua, na ndani ya ini niliongeza pumba ya Ulaya. Kufika Alhamisi ya wiki iliyofuata, tangazo limeshasomwa mara ya tatu, walikula pumba na ini bila hata mbu mmoja, mimi nikikoroga maji kwa kidole.

Memsaab akaja kuona. Wakala. Akaitikia kwa kichwa. "Mzuri. Sasa mpishi nafanya."

Mpishi akasogea na kijiko. Samaki wote wakakimbilia nyuma ya jiwe.

"Wamesikia harufu ya ndugu zao kwako," nikamwambia.

Akajaribu tena. Wakakataa tena. Nilipokaribia mimi, wote nje. Memsaab akakunja uso, akaenda chumbani. Nikatafuta tofauti yangu na mpishi, ukiacha tumbo, nikaona ni kitambaa changu chekundu cha kichwani. Nikakifungua.

"Hapana," mpishi akasema kabla sijafungua mdomo. "Mimi ni mzee wa kanisa."

"Baba, ni keshokutwa."

"Hapana."

"Hakuna mtu atakayeona."

"Mungu ataona."

"Mungu mwenyewe amechoka na hizi mbu, baba. Tafadhali."

Alitazama mlango, alitazama dirisha. Halafu akakifunga, fundo chini ya kidevu kama mjane, akainama, akakoroga maji kwa kidole kile kinene. Akatoka mmoja. Wakatoka watatu. Wakatoka wote, hata asiye na mkia. Nilipogeuka, memsaab alikuwa amesimama mlangoni amejiuma mdomo asicheke. Alikwenda mezani akaandika barua.

Jumamosi asubuhi nilifika kizuizini. Ng'ambo ya kizuizi mchumba wangu alikuwa amesimama na baiskeli, amevaa suti ya kuazima. Barua ilikuwa ya Kizungu, kwa hiyo sikujua kilichoandikwa. Askari aliisoma, akarudia, akanitazama vibaya.

"Hapa imeandikwa unaruhusiwa kwenda kuolewa kwa sababu samaki sasa wanakula. Samaki ni nani? Hii ni siri ya nini?"

"Ni samaki tu, afande. Wa kuogelea."

"Wanakula nini?"

"Maini, afande. Ya ng'ombe. Yamechemshwa, yakapondwa."

"Kila siku?"

"Mara mbili kwa siku."

Akaikunja barua polepole, akanirudishia.

"Mimi maini nilionja Krismasi," akasema, akainua mti wa kizuizi. "Pita, mama. Pita kabla sijakasirika."

Nikapita mbio, viatu mkononi.