Wanajua mwili wangu ndio ulikatala kumupa mudogo wangu figo, kumbe ni mimi

Admin, ficha jina yangu, lakini habari yenyewe usiikate. Niko mama wa miaka 34, naishi hapa Goma na mume wangu na watoto wetu wawili. Kwetu ni Butembo. Baba alikufa zamani, tukabakia na mama: mimi mukubwa, kisha mudogo wangu mwanaume nitamuita Kambale, na wa mwisho, musichana, nitamuita Kavira. Si majina yao ya kweli.

Miaka tatu sasa Kambale alianza kuvimba miguu na uso. Watu wakasema ni karuho, sumu ya wenye wivu, na mama akamunywesha dawa za majani mpaka nguvu zikaisha. Wakati tulimufikisha hospitali, figo zote mbili zilikuwa zimekufa. Wakamuweka kwenye dialyse, ile machine inasafisha damu, mara mbili kila wiki. Daktari akasema atapona kabisa tu kama ndugu mumoja anamupa figo, na operation itafanyika inje ya inchi. Mimi ndiye nilisema wa kwanza, mbele ya wote: "Mimi nitamupa." Mama akalia, akanishika magoti. Walinipima damu na vingine vingi, na majibu ikarudi kwamba figo yangu inamufaa.

Katika service sociale ya ile hospitali, ofisi yenye kusaidia wagonjwa na familia zao, kulikuwa mama mumoja mwenye alitufuata tangu mwanzo. Ndiye alimukalisha mama yetu chini na kumuelezea polepole kwamba haikukuwa karuho. Ndiye alimufundisha bibi ya Kambale, mke wake, chakula gani apike, na alikimbilia makaratasi ya safari pamoja nasi. Kabla ya kutuma dossier ya operation, akaniita peke yangu na kufunga mulango.

"Dada, hapa hakuna mama yako wala Kambale. Unataka kutoa kweli?"

Nikasema ndiyo.

Akavuta kiti karibu yangu. "Na kama hakuna mutu angekuuliza sababu?"

Hapo nikaanza kulia. Nikamuambia naogopa kisu, naogopa kuacha watoto wangu. Kisha nikatoa neno lenye hata mume wangu hajalisikia. Baba alipokufa, mama alinitoa masomoni nikiwa katika quatrième, mwaka wa ine wa sekondari, ili Kambale aendelee. Yeye akapata diplome, mimi nikabeba bitenge kichwani sokoni. Ndani ya roho nilikuwa ninasema: hata figo yangu naye achukue?

Hakunigombeza. Aliniambia: "Figo inatolewa na moyo wenye unataka. Ukikatala, familia tutaiambia tu kwamba daktari hawezi kukupokea. Sababu itabakia hapa."

Nikasema: "Basi sitatoa."

Hospitali ikaiambia familia vile, wakafikiri ni mwili wangu una shida; nilirudi nyumbani na kichwa chini, na wote wakanifariji. Kambale mwenyewe, pale kitandani, akanishika mukono: "Yaya, mukubwa wangu, usijisumbue. Kwangu ni sawa na kama ulinipa." Sikuweza kumuangalia.

Kavira ndiye alisimama kwa nafasi yangu. Alikuwa na miaka 23. Yule mama wa service sociale alimuita peke yake mara tatu, kila mara akamuuliza kama mimi, na kila mara Kavira akajibu ndiyo. Walisafiri, wakarudi wazima. Leo Kambale anafanya kazi, anameza dawa zake asubuhi na jioni, na yule mama bado anapita kumuangalia kama hasahau.

Lakini Kavira alikuwa na muchumba wa Munigi, hapa karibu na Goma, mahari ilikuwa imeanza. Watu wa kule wakasikia habari, wakasema musichana wa figo moja hatazaa. Mama wa service sociale alienda mwenyewe mpaka kwao, akawaelezea kwamba wanawake wa figo moja wanazaa, madaktari wanawafuata vizuri tu. Baba ya kijana alielewa. Mama yake akashukuru kwa heshima, na kisha ya wiki mbili wakatuma mutu kuomba mbuzi zao za mahari zirudi.

Siku hiyo Kavira alinikuta ninaosha vyombo. Akasema: "Yaya, mimi sijuti. Na wewe acha kujilaumu. Wewe haukukatala, ni mwili wako ulikatala." Niliendelea kusugua sahani ileile, maji yakapoa.

Sasa bibi ya Kambale amezaa mutoto musichana. Kambale alisimama mbele ya familia yote, akasema mutoto ataitwa jina yangu na mimi nitakuwa marraine, mama wake wa batizo, kwa sababu ndiye nilijitoa wa kwanza. Batizo ni kisha ya wiki mbili. Ile jina ingekuwa ya Kavira. Nikikatala, wataniuliza sababu.

Nilirudi kwa yule mama wa service sociale. Nilifikiri atanikataza kusema. Akajibu: "Siri ni yako, si ya hospitali. Kukatala kwako haikukuwa kosa. Lakini jiulize kama unataka kusema kwa ajili yao, ao kwa ajili ya wewe upate usingizi. Ukiamua kusema na unataka nikae pembeni yako, nitakuja."

Hiyo ndiyo inanisumbua, juu sijui jibu. Nikisema, mama anaweza kufa na moyo, na Kambale atajua nilimuhesabia masomo yake wakati alikuwa anakufa. Nikinyamaza, nitamushika ule mutoto mbele ya padiri na jina yenye nimeiba.

Kavira anashona, na ndiye anashona nguo yangu ya batizo. Jana alikuja kunipima. Alizungusha ule mukanda wa kupimia kwenye kiuno changu, akapitisha mikono pale kwenye yeye iko na kovu, akacheka: "Yaya, umenona."

Ninyi wenye kusoma, hata mukinitukana nitakubali, lakini munishauri: niseme kabla ya batizo, ao ninyamaze mpaka kaburini? Na kama ni kusema, nianze na nani?